Hiraga Gennai, msomi anayetajwa kumpa mkunga soko la majira ya joto

KILA mwaka, kuanzia karibu Julai 20 hadi siku za mwanzo za Agosti, mikahawa na maduka ya vyakula nchini Japan hujaa wateja wanaotafuta samaki mmoja tu. Samaki huyo ni mkunga wa mtoni, yule mrefu mwenye umbo la nyoka. Hupasuliwa, hutolewa mfupa, huchomekwa kwenye vijiti na kuchomwa juu ya mkaa huku akipakwa mchuzi mzito wa soya wenye utamu, kisha hulazwa juu ya wali wa moto. Imani iliyopo ni kwamba anayemla katika siku hiyo maalumu hapotezi nguvu wala hamu ya chakula wakati wa joto kali.

Siku yenyewe huitwa doyo no ushi no hi, maana yake siku ya ng'ombe katika kipindi cha doyo. Kalenda ya zamani ya Wajapani, iliyotoka China, huzipa siku majina ya wanyama 12 kwa zamu, na ng'ombe ni mmojawapo. Doyo nacho ni kipindi cha siku 18 hivi kinachotangulia kuanza kwa kila msimu mpya. Kwa kuwa zamu ya ng'ombe hurudi kila baada ya siku 12, doyo ya wakati wa joto huwa na siku ya ng'ombe moja, na miaka mingine mbili. Wauza mkunga hupenda zaidi miaka yenye siku mbili.

Kwa mtu anayejua mambo ya soko, kuna jambo hapa la kushangaza. Mkunga wa mtoni hanoni wakati wa joto. Hunona mwishoni mwa mwaka, baridi inapokaribia, anapojiandaa kwa safari ndefu ya kwenda baharini kutaga. Kwa hiyo taifa zima linamkimbilia samaki huyu wakati ambao, kwa aliyevuliwa mtoni, mafuta yake ni machache. Anayetajwa kuugeuza msimu huo ni Hiraga Gennai, msomi wa karne ya 18 ambaye karibu kila mtoto wa shule wa Japan anamjua kwa jina.

Mtoto wa mtunza ghala

Gennai alizaliwa mwaka 1728 mahali paitwapo Shido, jimbo la Sanuki, kwenye kisiwa cha Shikoku. Leo eneo hilo lipo katika mkoa wa Kagawa. Ukoo wake, uliojulikana kwa jina la Shiraishi, ulikuwa wa samurai wa ngazi ya chini waliomtumikia bwana wa Takamatsu. Baba yake alikuwa mtunza ghala la mchele wa bwana huyo. Zama hizo mchele ndio uliokuwa kodi ya wakulima na ndio uliokuwa mshahara wa watumishi, hivyo ghala lilikuwa sawa na hazina, ingawa aliyelilinda hakulipwa cha maana. Baba alipofariki mwaka 1749, kijana alirithi kazi hiyo.

Hakuipenda. Alikuwa amesoma elimu ya mimea, madini na wanyama wanaofaa kwa dawa, elimu ambayo Wajapani waliipata kutoka China na kuiheshimu sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1750 alipata nafasi ya kwenda Nagasaki, akakaa huko kiasi cha mwaka mmoja.

Ili kuelewa alichokiona Nagasaki, lazima kuelewa biashara ya Japan wakati ule. Utawala wa mashogun, yaani watawala wa kijeshi wa ukoo wa Tokugawa, ulikuwa umeifunga nchi. Kutoka Ulaya waliruhusiwa Waholanzi peke yao, nao walitengewa kisiwa kidogo cha kujengwa kwenye bandari hiyo. Wachina nao walifanya biashara hapo hapo. Walileta hariri, sukari na dawa, na Japan ililipa kwa fedha na shaba kutoka migodini mwake. Jinsengi, mzizi wa dawa uliothaminiwa kuliko yote, uliletwa kutoka Korea kwa bei ya kutisha. Madini yalitoka, sukari na mizizi vikaingia. Wachumi wa leo wangelitaja hilo mara moja kuwa ni tatizo la urari wa biashara, na watawala wa Edo walilijua vizuri. Shogun Yoshimune, aliyetawala kuanzia mwaka 1716 hadi 1745, alikuwa amekwisha kuhimiza kilimo cha jinsengi na miwa ndani ya nchi.

Gennai alirudi nyumbani na wazo ambalo hakuliacha maisha yake yote: mengi yanayonunuliwa kwa wageni yapo katika milima na mashamba ya Japan yenyewe, ila hakuna aliyeyatafuta. Mwaka 1754 aliacha kazi ya ghala, akamwachia mume wa dada yake uongozi wa ukoo. Mwaka 1756 alikwenda Edo, mji ambao leo ni Tokyo, akawa mwanafunzi wa Tamura Ransui, mtaalamu mkubwa wa jinsengi.

Maonyesho ya Yushima

Mwaka uliofuata, 1757, mwalimu na mwanafunzi walifungua maonyesho ya mazao na dawa katika eneo la Yushima, mjini Edo. Wazo linaaminika kuwa la Gennai. Kabla ya hapo wasomi wa mimea walikuwa wakikaa na sampuli zao majumbani kama siri za ukoo. Sasa waliitwa waziweke mezani, wengine waone, walinganishe na waulize.

Maonyesho ya tano, ya mwaka 1762, aliyaandaa yeye mwenyewe, na ndiyo yanayostahili kuangaliwa kwa makini na yeyote aliyewahi kukusanya mazao kutoka kwa wazalishaji wadogo waliotawanyika. Alichapisha vipeperushi na kuvisambaza majimboni. Aliweka mawakala katika sehemu mbalimbali za nchi, ili mtu mwenye jiwe, mzizi, mbegu au ganda lisilo la kawaida asilazimike kusafiri. Alimkabidhi wakala wa karibu, naye akalituma Edo, ambako gharama za usafirishaji zililipwa na waandaaji. Ikumbukwe kuwa hii ilikuwa nchi ya watu wa miguu na farasi, iliyogawanywa katika tawala nyingi zenye vizuizi barabarani. Hata hivyo vilikusanyika vitu zaidi ya 1,300.

Mwaka 1763 alitoa kitabu cha juzuu sita kilichoeleza vitu 360 vilivyochaguliwa kutoka katika maonyesho yote matano. Juzuu ya mwisho iliacha mambo ya kisomi na kushika jembe: ilieleza namna ya kulima jinsengi, na namna ya kupanda miwa, kuikamua na kupata sukari. Ni kazi yake nzuri kuliko zote, ingawa si hiyo anayokumbukwa nayo mitaani.

Wakati huo huo maisha yake yalikuwa yamechukua mkondo mgumu. Bwana wa Takamatsu alikuwa amemrudisha katika utumishi kwa sababu ya sifa zake, na mwaka 1761 Gennai aliomba kuachiwa kabisa. Aliruhusiwa, lakini kwa sharti kwamba asitumikie bwana mwingine yeyote. Kwa samurai, hiyo ilikuwa na maana ya kutopata mshahara tena hadi kufa. Tangu siku hiyo kila wazo lilipaswa kumlisha.

Miradi mingi, mtaji mdogo

Yaliyofuata ni orodha ndefu. Mwaka 1764 alitengeneza kitambaa kisichoungua kwa kutumia asbesto aliyoipata katika milima ya Chichibu. Vilikuwa vipande vidogo vya kushangaza watu, havikuwa bidhaa. Mwaka 1766 alianzisha mradi wa dhahabu katika milima hiyo hiyo, na mwaka 1769 ukafungwa. Miaka michache baadaye akajaribu chuma huko huko, nacho hakikufua dafu. Kilichomwingizia chochote kutoka Chichibu kilikuwa mkaa, uliosafirishwa kwa mto hadi Edo.

Baada ya safari ya pili ya Nagasaki mwaka 1770 aligeukia kondoo. Sufu ilikuwa ikiingia kutoka nje, naye akafuga kondoo wachache kwao Shido na kufuma kitambaa. Haukuwa mwanzo wa ufugaji wowote wa maana. Vyombo vya udongo vilikwenda vizuri zaidi. Mwaka 1771 aliandika maombi kwa maofisa wa serikali akitaka udongo mzuri wa kisiwa cha Amakusa utumike kutengeneza vyombo bora. Hoja yake ilikuwa rahisi: vyombo vya nyumbani vikiwa vizuri, Wajapani wataacha kununua vya wageni, na wageni nao watanunua vya Japan, hivyo udongo utageuka fedha. Serikali haikuuchukua mpango huo. Hata hivyo mafinyanzi wa Shido aliowafundisha waliendelea kutengeneza sahani za rangi ya kijani na njano, baadhi zikiwa na ramani za dunia, na vyombo hivyo hadi leo vinaitwa kwa jina lake.

Mara nyingi uchambuzi wake ulikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mtaji wa kusubiri na mtu wa kubaki na mradi mmoja miaka kumi. Miwa ni mfano mzuri. Mwishoni mwa karne ile, Gennai akiwa amekwisha kufa, watu wengine wa Sanuki walifanikiwa kutengeneza sukari nyeupe kwa subira na majaribio mengi, na jimbo hilo likawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa sukari nchini Japan. Aliyeielezea kitabuni mwaka 1763 hakuonja faida hiyo.

Kilichomlisha kilikuwa kalamu. Alitunga hadithi za kuchekesha na kukejeli wakubwa, zilizouzwa sana Edo, pamoja na michezo ya vikaragosi. Wenye maduka walianza kumwendea awaandikie matangazo. Mwaka 1769 aliandika tangazo la unga wa kusafishia meno. Ndani yake alikiri waziwazi kwamba mwenye duka ana shida ya fedha, na kwamba yeye mwandishi hajui kama dawa hiyo inafanya kazi au haifanyi, ila angalau haidhuru na meno yatasafishika. Watu walicheka, na jina la bidhaa likazunguka mjini. Mwaka 1775 aliandika jingine la duka la vitafunio vya mchele. Wapo wanaomhesabu kuwa mwandishi wa kwanza wa matangazo wa Japan.

Kibao mlangoni mwa duka

Katika kipindi hicho ndipo masimulizi yanaweka kisa cha mkunga. Inasimuliwa kwamba mwenye duka la mkunga mjini Edo alimfuata Gennai akilalamika kwamba biashara inakufa wakati wa joto. Chakula kizito chenye mafuta, kilichochomwa juu ya mkaa, nani atakitaka jasho likimtiririka? Gennai alimwandikia kibao cha kuweka mlangoni. Hakikusifu samaki wala hakikutaja bei. Kiliarifu tu kwamba leo ni siku ya ng'ombe.

Kwa mgeni maneno hayo hayana maana, lakini mtu wa Edo aliyaelewa. Tayari kulikuwa na imani kwamba katika siku ya ng'ombe ya majira ya joto inafaa kula vitu ambavyo majina yake huanza na sauti ya u, kama ng'ombe mwenyewe ambaye katika kalenda huitwa ushi. Walikula udon, ambazo ni tambi nene za ngano. Uri, jamii ya matango na matikiti. Na umeboshi, matunda machachu yaliyotiwa chumvi. Mkunga kwa Kijapani ni unagi. Alikuwa anastahili kuwemo katika orodha hiyo, ila hakuna muuzaji aliyemwingiza. Inasemekana duka lilijaa, na maduka mengine yakaiga.

Kisa hiki hakina ushahidi wa maandishi wa wakati wa Gennai. Katika mojawapo ya vitabu vyake vya utani anagusia tofauti kati ya mkunga wa Edo na yule aliyeletwa kutoka mbali, jambo linaloonyesha kwamba wateja wa mjini walikwisha kutofautisha asili ya bidhaa, lakini kibao hakitajwi. Kinachoaminika zaidi ni maelezo ya kitabu cha mwanzoni mwa karne ya 19, kinachosema kwamba desturi ya kula mkunga katika siku ya ng'ombe ilianza katika enzi za An'ei na Tenmei, yaani kati ya mwaka 1772 na 1789. Gennai aliishi Edo katika sehemu ya kwanza ya kipindi hicho. Wengine hutaja watu tofauti. Huenda alikiandika kibao, huenda umma ulimpachika kwa sababu alikuwa mtu wa aina hiyo hasa.

Isidhaniwe pia kwamba kibao kiliwauzia watu uongo. Mkunga kama dawa ya kudhoofika wakati wa joto ni jambo la zamani sana. Shairi la karne ya 8, katika mkusanyo wa kale uitwao Man'yoshu, tayari linamshauri mtu mwembamba avue mkunga ale. Sayansi ya lishe imekuja kuonyesha kwamba nyama yake ina vitamini A kwa wingi pamoja na vitamini B1. Hiyo ya pili ilikuwa na uzito wa pekee Edo. Wakazi wa mji huo walijivunia kula mchele uliokobolewa hadi ukawa mweupe, na pamoja na mchele huo ukaja ugonjwa wa beriberi, wa kuvimba miguu na kulegea viungo, unaotokana na ukosefu wa B1. Watu wa mashambani walioula bila kuukoboa sana, au waliokula nafaka nyingine, hawakuugua kwa kiasi hicho, ndiyo maana uliitwa ugonjwa wa Edo. Mlo mmoja wa mkunga haukuwaponya, lakini mwili uliojisikia nafuu baada ya kumla haukuwa unadanganywa.

Mwisho mbaya

Mwaka 1776 Gennai alifanikiwa kukitengeneza upya kifaa cha Kiholanzi cha kuzalisha umeme wa cheche kwa msuguano, alichokuwa amekipata Nagasaki kikiwa kibovu. Matajiri walikuja kukitazama na kukijaribu kama tiba. Kilimpa umaarufu, hakikumpa kipato cha kudumu. Maandishi yake ya miaka hiyo yana uchungu wa mtu anayeona nchi imemcheka kwa muda mrefu bila kumsikiliza.

Mwishoni mwa mwaka 1779 alimjeruhi mtu kwa upanga hadi kumuua. Habari za chanzo zinatofautiana, nyingi zikitaja ugomvi juu ya karatasi za mradi wa ujenzi alizodhani zimeibiwa. Alifungwa katika gereza la Edo na kufia humo Januari 1780, akiwa na umri wa miaka 51 hivi. Rafiki yake Sugita Genpaku, daktari aliyeongoza tafsiri ya kwanza ya kitabu cha Kiholanzi cha maumbile ya mwili nchini Japan, ndiye aliyemwandikia maneno ya kumbukumbu, akimlilia mtu asiye wa kawaida aliyekufa kifo kisicho cha kawaida.

Sufu yake haikuwa kitu, dhahabu haikupatikana ya kutosha. Siku ya ng'ombe iliendelea kukua.

Ilikua hadi mito ikashindwa kuilisha. Mwaka 1879 yalianza mabwawa ya kwanza ya kufuga mkunga huko Fukagawa, mjini Tokyo, na baadaye ufugaji ukashamiri kando ya ziwa Hamana na kusini katika mkoa wa Kagoshima. Wafugaji wengi huingiza vifaranga bwawani mwezi Desemba au Januari, hupasha maji joto ndani ya mabanda yaliyofunikwa, na kuwalisha kwa nguvu ili wafikie uzito wa soko kabla ya mwisho wa Julai. Ni samaki anayefugwa kwa kufuata tarehe, na kwa huyu wa bwawani lile tatizo la kukosa mafuta wakati wa joto limekwisha.

Tatizo lililobaki ni vifaranga. Mkunga wa Japan hutaga mbali sana baharini, karibu na visiwa vya Mariana, na mayai yake yalipatikana huko kwa mara ya kwanza mwaka 2009. Watafiti wa Japan waliweza kumzalisha maabara kwa kizazi kamili mwaka 2010, lakini gharama imebaki kubwa mno, hivyo mabwawa bado hutegemea vifaranga vinavyovuliwa usiku kwenye midomo ya mito. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimweka katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Bei ya vifaranga hupanda na kushuka kama ya madini, na maduka mengi sasa huwataka wateja waagize mapema ili mkunga asibaki na kutupwa baada ya siku yake kupita.

Chuo Kikuu cha Kindai, kinachojulikana kwa utafiti wa ufugaji wa samaki, kilichukua njia nyingine. Kilimchukua kambale, samaki wa bei nafuu anayezaliana bwawani bila shida, kikambadilishia chakula hadi nyama yake ikawa na mafuta na ladha inayokaribia ya mkunga. Mwaka 2016 aliuzwa madukani, amechomwa na kupakwa mchuzi ule ule, katika siku ya ng'ombe.